Siku tano Malindi pamoja na mama mzee: je, zinatosha au ni nyingi?

Mwalimu wa Ahero

Salamu kwenu nyote. Mwezi wa Desemba, shule zikishafungwa, natarajia kwenda pwani na familia yangu kwa mara ya kwanza: mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi na mama yangu aliyetimiza miaka 70. Tuna siku tano, tukiondoa zile za njiani. Awali nilipanga tulale Mombasa, kisha Malindi, kisha Lamu, lakini nilipoitazama ramani niliona kwamba tutakuwa watu wa kufunga na kufungua mizigo tu. Je, Malindi peke yake inaweza kuwatosha watoto na mzee kwa siku zote hizo? Jambo la pili limekuwa mjadala hapa nyumbani: mama amekula ngege na omena, samaki wa ziwani, maisha yake yote, na anashikilia kwamba samaki aliyetiwa nazi ameharibiwa. Atakula nini huko?

Msafiri wa Njoro

Mwalimu, Lamu iacheni kwa safari nyingine. Pandeni treni ya Nairobi hadi Mombasa (kateni tiketi mapema, kwa maana Desemba hujaa upesi), kisha gari la Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi kupitia Kilifi.

Sisi wa bara, tuliozoea ziwa ambalo maji yake hukaa mahali pamoja asubuhi hadi jioni, hatuna mazoea ya kuuliza bahari inakupwa saa ngapi. Nilipokwenda huko mwezi wa Agosti, niliwafikisha watoto ufuoni saa nne nikijiona nimewahi, nikaambiwa kwamba maji yalikuwa yameshajaa na matumbawe hayangeonekana vizuri kutoka kwenye mashua yenye sakafu ya kioo. Juu ya hayo ulikuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na mawimbi yalimtapisha mwanangu mdogo. Desemba mtakuta kaskazi, upepo utokao kaskazini, ambayo ni tulivu zaidi. Muulizeni nahodha siku moja kabla, mkikumbuka kwamba saa za kupwa na kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku.

Mvua ikiwa imenyesha sana bara, Mto Sabaki hushuka na tope na kuifanya bahari ya Malindi iwe ya rangi ya kahawia. Hilo likitokea, nendeni Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka huo huo wa 1968 kama ile ya Malindi. Kwenye mdomo wa Sabaki tuliwaona ndege aina ya heroe (flamingo) wachache. Mtu wa Nakuru hashangazwi na heroe, ila watoto wako huenda wakafurahi.

Jirani wa Msitu, Kakamega

Mwalimu, nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, itazameni kwa muda mfupi, mpige picha, mwondoke. Ni kweli kwamba alipokewa vizuri na mfalme wa Malindi mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumfikisha India, lakini pale penyewe pana nguzo na upepo tu. Nusu siku nzima wekeni kwa ajili ya Gedi, kama kilomita 16 kusini mwa mji. Huo ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Wakazi wake waliuhama, miti ikaota ndani ya kuta, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mama atatembea kivulini bila taabu. Ndizi zifichwe, kwa sababu kima wa pale hawaombi.

Karibu na hapo uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Msiutarajie uwe kama wetu wa Kakamega: ni mkavu, una miti ya mirihi na mchanga mwekundu, na ukiingia alfajiri na mwongozaji unaweza kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu akitimka kati ya majani makavu.

Binti Malindi, Kisumu

Mwalimu, mpe mama shikamoo yangu. Samaki wa kupaka hapikwi kwa kuzamishwa ndani ya nazi kama anavyodhani. Changu au tewa huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililokolezwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akageuzwa na kupakwa tena mpaka tui limshike. Mimi hununua nazi katika soko la Kibuye na kumpika ngege vivyo hivyo, na majirani zangu Wajaluo hawajawahi kubakisha.

Akikataa kabisa, aagize wa kukaanga kwa sima, ambayo ndiyo ugali wake, pamoja na mboga ya mnavu, ambao ndio osuga. Asubuhi mpeni mahamri na mbaazi. Mahamri yenyewe mara nyingi hukandwa kwa tui na iliki, lakini msimwambie kabla hajamaliza.

Mwalimu wa Ahero

Ahsanteni sana, tumeamua kulala Malindi siku zote tano. Nimemsomea mama majibu yenu yote, isipokuwa hilo la mahamri. Kuhusu nazi amenyamaza, ila ameuliza kama huyo changu huletwa mezani na kichwa chake.