Mafundi wawili, bei mbili: hii "kuunganisha kwa API" ni kitu gani hasa?

Mama Nafaka

Hamjambo jamani. Nina maduka matatu ya nafaka: Kongowea sokoni, Likoni na Mtwapa. Mchele wa Mwea, maharagwe, pojo, mahindi kwa gunia na kwa kilo. Kila duka lina kompyuta yenye programu ya mauzo niliyoundiwa mwaka 2019, na inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni usiku.

Wateja wengi wanalipa kwa till ya Lipa na M-Pesa, na programu haijui lolote kuhusu pesa hizo. Kijana akishauza anabonyeza "imelipwa", basi. Tukifunga saa mbili, nakaa na simu tatu za maduka, daftari na kikombe cha kahawa tungu, nasoma meseji moja moja nikiitafuta mwenzake kwenye orodha ya mauzo. Jumamosi saa sita usiku inanikuta bado niko Mtwapa, kwenye karatasi.

Mwezi uliopita mteja alimwonyesha kijana wa Likoni meseji ya 14,300, akapakia magunia kwenye tuktuk, akaenda zake. Meseji ya kughushi. Niliishtukia siku ya tatu kwa sababu nambari ya muamala ilikuwa na herufi tisa, na sisi tunaozisoma kila usiku tunajua ni kumi.

Sasa nimeita mafundi. Wa kwanza anataka 85,000, anasema "tutaunganisha kwa API, programu yako itabaki ile ile". Wa pili anataka 420,000, anasema ya zamani itupwe, aunde upya. Nikiuliza API ni nini, wote wawili wanazungumza kana kwamba nimewauliza jina la mama yao. Nielezeni kama mtu mzima asiyejua kompyuta. Na nisidanganywe wapi?

Fundi Waya

Pole kwa ile 14,300, mama.

Fikiria godauni la bandarini. Wewe huingii ndani kuchakura mzigo wako. Kuna dirisha na karani. Unampa karatasi iliyojazwa vile anavyotaka yeye, na mhuri wako, anakurudishia jibu. Hajali umekuja na lori au mkokoteni. API ni dirisha hilo, ila wanaosimama pande zote mbili ni programu na karatasi inapita kwenye intaneti. Ndiyo maana programu yako ya 2019 inaweza kuzungumza na mfumo wa M-Pesa ingawa waliounda hii hawajawahi kuonana na waliounda ule.

Safaricom wana madirisha hayo, wameyaita Daraja, yapo tangu 2017. Kwako wewe matatu yanatosha.

La kwanza ni la taarifa. Fundi anasajili anwani ya seva yako, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote kupokea taarifa, kwa kila till. Mteja akilipa, mfumo wa M-Pesa wenyewe unaituma habari kwenye seva: nambari ya muamala, kiasi, till iliyolipwa, na saa iliyoandikwa kwa mkupuo hivi, 20250308194512, yaani mwaka 2025, mwezi wa tatu, tarehe 8, saa 1 na dakika 45 usiku. Kijana haangalii tena simu ya mteja. Anaangalia kioo chake. Kama pesa haijatokea pale, gunia halitoki, hata mteja aonyeshe meseji yenye herufi ishirini.

Hapo pana mtego. Kwenye till hakuna nambari ya akaunti kama kwenye Paybill, ile sehemu inakuja tupu. Nambari ya simu ya mteja nayo siku hizi inakuja imefichwa. Watu wawili wakilipa 2,400 dakika moja, kompyuta itajuaje ipi ya nani?

Kwa hivyo dirisha la pili. Kijana anaandika nambari ya simu ya mteja kwenye programu, na ombi la PIN linatokea kwenye simu ya mteja likiwa na kiasi tayari. Ombi hilo lina kitambulisho chake, na jibu linarudi na kitambulisho kile kile, kwa hivyo linakwenda moja kwa moja kwenye mauzo yale. Jibu likiwa 0, imelipwa. 1032, mteja amekataa mwenyewe. 1, salio halitoshi. Hakuna kubahatisha.

La tatu ni la kuulizia, na mafundi wa bei rahisi hulisahau. Jibu likipotea njiani, programu yako inarudi dirishani kuuliza: ombi lile liliishia wapi?

Muulize wa 85,000 kama amelihesabu hilo. Akisema "intaneti haipotei", mwage.

Mhasibu wa Nyali

Mimi namtetea kidogo yule wa 420,000. Huenda amefungua programu yako akaona haina mlango wowote. Mama, aliyekuundia 2019 alikuachia msimbo wake, yaani maandishi yenyewe yanayoiunda programu, au alikuachia ikoni tu kwenye kioo? Kama ni ikoni tu, yule wa kwanza atafanya ujanja wa kuchungulia faili za mauzo kwa nyuma, na siku programu ikibadilika kidogo kila kitu kinakatika.

La pili ni KRA, watu wa kodi. Ankara za eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, unazitoaje? Kama kuna mtu anazichapa upya kutoka kwenye orodha ya mauzo, basi una usiku wa pili usiouhesabu. eTIMS nayo ina njia ya mfumo kwa mfumo, programu yako inapeleka ankara yenyewe. Moja inaitwa OSCU, kwa walio mtandaoni muda wote. Nyingine VSCU, kwa wenye ankara nyingi ambao hawako mtandaoni kila wakati. Usilipie daraja la M-Pesa leo halafu Desemba umlipe mtu mwingine abomoe ukuta ule ule.

kijana_wa_seva

Naongezea kosa langu mwenyewe, bure.

Niliunganisha duka la matairi na kampuni moja ya malipo ya kadi (siitaji). Taarifa ya malipo ilikuwa ikifika, mimi kwanza napunguza stoo, naandika risiti, natuma barua pepe, NDIPO nawajibu "nimepokea". Siku seva ilipokuwa nzito, kampuni ile ikaona kimya, ikatuma tena taarifa ile ile. Nami nikapunguza tena. Matairi sita yalipotea kwenye kompyuta huku yananitazama ukutani. Mwenye duka alimshuku mlinzi kwa wiki nzima, na mpaka leo nikimwona yule mzee nainamisha kichwa.

Dawa yake ni mistari michache tu: hifadhi, jibu hapo hapo, kazi nyingine baadaye. Na nambari ya muamala ikishaingia mara moja isiingie tena.

Pia ile tokeni ya Daraja, mhuri aliosema Fundi Waya, inaisha baada ya sekunde 3,600. Fundi asiyelijua hilo, mfumo wake utakwenda saa moja mbele ya macho yako, atalipwa, atapanda boda, kisha kimya. Mjaribu zaidi ya saa moja kabla hujatoa pesa.

Mama Nafaka

Ahsanteni sana. Nimemwita wa 85,000 tukakaa dukani Likoni na maswali yenu nimeyaandika nyuma ya risiti.

La jibu kupotea, alikuwa analijua. Alinichorea. La taarifa kuja mara mbili, alinyamaza kidogo kisha akasema "hilo nitaliweka", nikajua halikuwemo. Msimbo wa 2019 ninao, kwenye flashi, mume wangu aliufungia kabatini na hati ya kiwanja. La eTIMS ndilo lililonipata, maana ni kweli kuna binti anachapa ankara upya kila asubuhi na sikuwahi kumhesabu.

Lakini kuna jambo hamkulitaja. Nilimuuliza funguo za Daraja, zile siri zinazoiruhusu programu yangu kufika kwenye madirisha yale, zitakuwa kwa jina la nani. Akasema kwa jina lake, "ni rahisi zaidi". Nikamwambia till ni yangu, pesa ni yangu, na ufunguo atautengenezea kwenye akaunti yangu nikiwa nimekaa hapa. Akakubali, ila bei ikapanda mpaka 95,000. Tunaanza na Likoni peke yake mwezi mmoja.

Swali la mwisho. Nina mzee mmoja wa Shelly Beach, hana M-Pesa, mwanawe yuko Doha ndiye hulipa kwa laini yake ya Safaricom anayotembea nayo. Ombi la PIN litamfikia nani?

Fundi Waya

Litafika kwenye nambari mtakayoiandika, mama. Andikeni ya mwana, laini yake ikiwa inashika mtandao huko litamtokea, na mzee asubiri kwenye kiti. Ila mwambieni mwana kwanza, maana ombi halimngoji siku nzima, na akiwa kazini atalikataa akidhani ni matapeli. Hiyo ndiyo 1032.