Waandaaji wa tamasha la okestra Dar mmetukosea sana, huwezi kumpa MC maiki katikati ya muziki!

Wakuu salaam. Nina hasira tangu Jumamosi usiku na haipungui, acha niiseme hapa labda wahusika watasoma maana kwenye simu hawapokei.

Kulikuwa na tamasha la okestra ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, tangazo limezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki na wiki, kondakta mgeni (mwongoza okestra) kutoka Ujerumani, mpiga fidla mgeni naye, nusu ya kwanza konseto ya fidla (fidla moja mbele, okestra nyuma yake) ya mtunzi Mendelssohn na nusu ya pili Simfonia ya Tano ya Beethoven. Kiingilio elfu hamsini, meza za mbele laki na nusu kwa kichwa. Nililipa kwa roho safi kabisa, kwanza muziki huu kuusikia laivu hapa kwetu ni nadra, halafu binti yangu yumo kwenye fidla za pili na nimeona wale watoto walivyojifua.

Saa moja jioni okestra imeshakaa. Imeshatyuni. Hakianzi kitu, tunamsubiri mgeni rasmi. Mnawasha DJ kwenye spika, watu wamekaa na fidla zao magotini chini ya kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja jukwaani. Hivi mnajua nyuzi za fidla zinafanya nini zikipigwa baridi halafu zikamulikwa na mataa ya jukwaa? Zinatoka kwenye sauti! Mgeni rasmi akafika inakaribia saa mbili na nusu, hotuba, itifaki imezingatiwa, meza kuu mmoja mmoja ananyanyuka anapungia, wadhamini wanashukuriwa, ndipo okestra ikaruhusiwa. Yule wa oboi, lile zumari dogo, akatoa noti ya A ili wenzake watyuni upya, na MC bado anaongea juu yake kwenye maiki, wanatyuni kwa kubahatisha. Kondakta wa watu kasimama pale pembeni anangoja mtu amalize kutangaza namba ya gari lililoziba njia.

Haya, konseto ikaanza. Kwa wasioifahamu, Mendelssohn alianza kuiwaza 1838 na hakuimaliza mpaka 1844, ikapigwa mara ya kwanza Leipzig mwezi Machi 1845, yeye mwenyewe anaumwa, mpiga fidla akiwa Ferdinand David rafiki yake. Kazi ya miaka yote hiyo haina noti ya kujazia nafasi. Okestra inapiga kidogo sana na fidla inaingia hapo hapo, hakuna utangulizi mrefu kama konseto nyingine za zamani. Na yule dada aliingia vizuri jamani, pamoja na kwamba mlimbandika kimaiki kwenye fidla na kuipitisha kwenye spika za harusini, kila akipanda kwenye uzi wa juu spika zinapiga mluzi, fundi mitambo anahangaika na vitufe vyake. Nani aliwaambia okestra nzima ukumbini inahitaji spika? Fidla ya peke yake kusikika juu ya okestra ni kazi aliyoshaifanya mtunzi kwenye karatasi, ni kazi ya kondakta kuwashusha wengine, kazi ya mpigaji mwenyewe. Ile kadenza pale katikati, okestra imenyamaza kabisa, yuko peke yake, mwishoni upinde unadundadunda juu ya nyuzi zote nne kwa sauti ndogo na okestra inarudi chini yake polepole na ule wimbo wa mwanzo. Sisi tumesikia nini? Spika zinaunguruma na wahudumu wanagonganisha sahani za bafe.

Sasa nifike kwenye kilichoniua. Sehemu ya kwanza ya hii konseto ikiisha haiishi. Okestra inamaliza kwa kishindo lakini basuni moja, lile zumari refu la mbao, inabaki imeshika noti ile ile, haiachii, kisha inapanda nusu hatua na kutoka hapo ndipo inazaliwa sehemu ya pili, ile ya taratibu. Mendelssohn alifanya makusudi pasiwe na mwanya. Noti moja tu ndiyo daraja. Na ni kwenye noti hiyo hiyo, kijana wa watu amevimba mashavu ameishikilia, kondakta mkono uko juu, MC akarukia jukwaani na maiki: "Makofi kwaooo! Hamjapiga makofi nyie!" Halafu, wakuu, akatoa karatasi akaanza kusoma wadhamini UPYA. Majina yote! Kondakta akashusha mkono. Basuni ikakata. Yule dada alisimama na fidla yake anatazama sakafu mpaka karatasi ilipoisha.

Na mtu asije kuniambia habari ya makofi. Sina ugomvi na waliopiga makofi kati ya sehemu na sehemu, hata huko Ulaya enzi za Mendelssohn watu walikuwa wanapiga. Ukumbi ulitulia vizuri tu. Aliyeharibu ni aliyeshika maiki na waliompa ratiba bila kumweleza kinachopigwa.

Nilipomfuata mmoja wa waandaaji nje akanijibu eti "mzee, watu wetu hawajazoea muziki wa aina hii, lazima uwachangamshe." Aisee hapo nilitetemeka. Watu wetu wepi? Zanzibar kuna kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905, fidla na ganuni zinasikilizwa mpaka usiku wa manane, mtu akiguswa ananyanyuka kwenda kutunza, hakuna MC anayemkatiza mpigaji ili amtangaze muuza mabati. Makanisani huku Bara kwaya zinaimba Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, kwa sauti nne, na waumini wanajua kabisa ni wapi pananyamaza kabla ya Haleluya ya mwisho. Masikio tunayo, msitusingizie.

Nusu ya pili ndiyo sitaki hata kuikumbuka. Muda umekwenda na hotuba, hoteli inataka ukumbi wake, basi ikaamuliwa hapo hapo kwamba Simfonia ya Tano ipigwe sehemu ya kwanza tu halafu kwaheri. Sehemu moja kati ya nne! Na kwenye simfonia hii tromboni, zile tarumbeta za kuvuta, hazipigi kabisa mpaka sehemu ya nne, Beethoven amezificha muda wote huo, na sehemu ya tatu inaingia kwenye ya nne bila kusimama, inatambaa gizani halafu inalipuka, tromboni ndizo zinazoufungua mlango. Waliletwa vijana watatu wa tromboni kutoka bendi za tarumbeta za makanisa ya Kilutheri, mmoja katoka Moshi kwa basi, wamefanya mazoezi na yule kondakta, wamevaa suti nyeusi, wamekaa jukwaani usiku mzima na vyombo vyao mapajani na hawakupuliza hata noti moja. Hotuba zote zilipata muda. Hakuna hotuba iliyokatwa.

Na hayo mazoezi yenyewe walifanyia ukumbi wa parokia kwa sababu ukumbini kulikuwa kunapambwa maua na meza za duara. Kondakta mgeni anakutana na mwangwi wa ukumbi siku hiyo hiyo ya tamasha. Halafu tunategemea arudi?

Ninachotaka nakisema wazi. Nusu ya kiingilio irudishwe kwa kila aliyelipa, maana tulichouziwa ni konseto nzima na simfonia nzima na tangazo ninalo. Tamasha lijalo MC aongee kabla ya muziki na baada ya muziki, basi, na mgeni rasmi akichelewa milango ifungwe angoje mapumziko kama sisi wengine. Maiki za spika mkazifunge harusini. Na wale vijana watatu mpaka leo hawajapewa hata nauli ya kurudia, nimeongea nao jana, muwalipe wiki hii.

Kama kuna mwingine alikuwepo na amejibiwa chochote kuhusu hela yake aseme, tujue tunawafuata wapi.