Kauri za kale za China zenye enameli: alama zake zifundishwe kwa kuanzia kundi lipi?

Mwanasanaa
Ndugu zangu, ninaandaa somo kuhusu alama zinazochorwa kwenye kauri za kale za China zilizopambwa kwa enameli, yaani rangi za kioo zinazopakwa na kuchomwa juu ya kauri, na ninapaswa kuchagua kundi moja la kuanzia. Nimebaki na matatu: vikombe vya doucai (michoro ya mistari ya buluu iliyojazwa enameli za rangi) vya zama za Chenghua (1465–1487), vyombo vilivyotawaliwa na kijani vya zama za Kangxi (1662–1722), ambavyo wakusanyaji huviita famille verte, na vile vya waridi, famille rose, vilivyoshamiri chini ya Yongzheng na Qianlong, wafalme waliofuata baada ya Kangxi. Ni lipi litakalomwezesha mgeni kuzisoma picha hizo?

Jokoni
Mimi ningeanza na waridi, na sababu yangu inatoka jokoni. Huko Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa kauri wa China, chombo kilichomwa kwanza kwa joto la nyuzi zipatazo 1,300, kisha enameli ikapakwa juu yake na kuchomwa tena kwa joto la chini zaidi. Kijani cha Kangxi kilipitisha mwanga, kwa hiyo mchoraji alichora mistari myeusi au myekundu na kuijaza rangi ndani yake. Kufikia miaka ya 1720 ilikuwa imepatikana rangi ya waridi itokanayo na dhahabu, pamoja na nyeupe nzito isiyopitisha mwanga, na kwa kuzichanganya mchoraji aliweza kulionyesha fyulisi likiiva polepole kutoka kijani hadi wekundu. Fyulisi ni alama ya maisha marefu, kwa kuwa husimuliwa kwamba mafyulisi ya Malkia Mama wa Magharibi, mungu wa kike wa hekaya za China, huiva mara moja tu katika miaka 3,000. Ndiyo maana naona kuiva kwake ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Popo Mwekundu
Namuunga mkono Jokoni, na ningependa kuongeza popo. Kwa Kichina popo hutamkwa fu, sawa na neno lenye maana ya baraka, na popo watano ni zile baraka tano: maisha marefu, mali, afya, kupenda wema na kifo cha amani. Sahani za Yongzheng mara nyingi huwa na mafyulisi manane na popo watano, tawi likipanda kutoka nje na kuvuka ukingo hadi ndani, ilhali chini ya Qianlong mafyulisi huwa tisa. Chombo kimoja cha maua cha Yongzheng chenye mafyulisi manane kiliwahi kutumiwa Marekani kama kiguu cha taa, kikauzwa Hong Kong mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 41 za huko, na leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Shanghai.

Kidaka
Kwa heshima, sikubaliani nanyi. Mgeni akianza na popo atadhani kwamba kila picha ni mchezo wa sauti, na sivyo. Msonobari, mwanzi na ua la mplamu vinasimama kwa tabia zao, kwa sababu vinastahimili baridi. Yungiyungi ni usafi, kwa sababu hutoka topeni bila kuchafuka. Kundi la kijani lina hayo yote, na pia masimulizi: majemadari juu ya farasi, matukio ya michezo ya jukwaani, vyombo vya msomi. Kwa upande mwingine, kazi nyingi za Qianlong zimesongamana alama kiasi kwamba jicho halijui lianzie wapi. Niongeze kwamba mifano isitafutwe katika vidaka vya Lamu wala makaburi ya Kunduchi, maana kauri za kale zilizofika pwani yetu nyingi ni za buluu na nyeupe, au za kijani kisicho na enameli.

Mwanasanaa
Ahsanteni sana. Na doucai je?

Jokoni
Kikombe cha kuku cha Chenghua, ambacho kimoja kiliuzwa Hong Kong mwaka 2014 kwa dola milioni 281 za huko, kina jogoo, tetea na vifaranga kati ya mawe na maua, na hivyo husomeka kwa utulivu mkubwa. Hata hivyo alama zake ni chache mno kwa somo zima. Tena usiutegemee mhuri wa Chenghua, yaani jina la zama zake, ulio chini ya chombo, kwa kuwa mafundi wa Kangxi waliuandika kwa kuwaenzi waliowatangulia. Hoja ya Ndugu Kidaka kuhusu msongamano naikubali. Kwa hiyo chukua waridi ya Yongzheng, ambayo huacha nyeupe nyingi wazi, na umwachie Qianlong nafasi ya mwisho.