Ushauri: mwanafunzi wangu anataka kusomea tamthilia ya muziki Marekani, tuanzie wapi?

Mwalimu_wa_Solfa

Hamjambo wanajukwaa. Nina mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mombasa, anafanya mtihani wa KCSE mwaka huu. Anaimba alto (sauti ya chini ya kike). Kwa sauti ya kifua (ile ya nguvu, kama ya kuongea) anafika B bapa iliyo juu ya C ya kati bila kukaza koo, na kwa sauti ya kichwa (ile nyepesi ya juu) anafika F ya juu. Uzoefu wake ni kwaya na tamasha za muziki na drama za shule. Anasoma solfa (doh, re, mi) kama maji, lakini nota za mistari mitano hazijui. Baleti hajawahi kusoma. Nyumbani wanaweza kutoa dola 6,000 hivi kwa mwaka, wakijibana.

Anaitaka BFA, yaani shahada ya kwanza ya sanaa yenye mafunzo mengi ya vitendo, ya tamthilia ya muziki (maigizo ya kuimba na kucheza). Naomba mtu anayejua utaratibu anieleze: mchujo wa video uko vipi, nyimbo zichaguliwe vipi, na je, pengo la nota ni kikwazo?

Ratiba_Kwanza

Mwalimu, anza na kalenda, maana ndiyo inayowaangusha wengi kutoka Kenya. Video za mchujo hupokelewa kati ya Septemba na mwanzoni mwa Desemba. KCSE inakwenda mpaka Novemba. Mtoto hawezi kurekodi vizuri huku ana karatasi ya Kemia kesho yake. Amalize mtihani kwanza, atumie mwaka unaofuata kujiandaa, kisha aombe msimu ujao. Mwaka wa kusubiri hauwashtui vyuo.

Wanaovuka mchujo hufanyiwa usaili Januari na Februari. Kuna usaili wa pamoja wa vyuo vingi New York, Chicago na Los Angeles, ila vyuo vingi siku hizi hukubali usaili wa mtandaoni, kwa hiyo msinunue tiketi ya ndege kwa sababu hiyo. Majibu huwa yametoka kufikia mwisho wa Machi, na siku ya kuthibitisha nafasi ni Mei 1. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti.

Idadi nayo muijue. Darasa la mwaka mmoja kwenye programu zinazotajwa sana, kama Michigan au Cincinnati, huwa na wanafunzi kama 20 tu, na waombaji ni mamia kwa mamia. Ndiyo maana Wamarekani wenyewe huomba vyuo 12 hata 20. Ada ya maombi kwa kila chuo ni dola 50 hadi 90, kwa hiyo mapema kabisa waandikieni vyuo kuomba msamaha wa ada.

KinandaChaKanisa

Nijibu la nota. Ndiyo, ni kikwazo, ila kinaondoka ndani ya mwaka huo mmoja. Mpiga piano wa usaili haijui "Doh ni F". Atataka nota za mistari mitano zenye piano kamili ya mikono miwili. Karatasi ya melodia na kodi (chords) peke yake ni hatari, kwa sababu kila mpiga piano ataijaza anavyotaka na mwimbaji atapotezwa.

Kwa nyimbo za tamthilia zilizochapishwa, nunua nota mtandaoni. Wimbo mmoja ni dola 5 au 6 hivi, na tovuti nyingi hukuruhusu kuchagua kii (key) kabla ya kulipa. Angalia pia noti ya juu na ya chini iliyoandikwa hapo. Kwa huyu binti, wimbo wa nguvu kilele chake kiwe A au B bapa, si C. Siku ya usaili hofu hukata karibu noti nzima ya juu.

Kujifunza kwenyewe: pakua MuseScore, programu ya kuandika muziki, ni ya bure. Achukue nyimbo za kwaya anazozijua kwa solfa, aziingize moja moja kwenye mistari mitano, asikilize programu ikizipiga, asahihishe. Anayejua solfa tayari ana sikio la umbali kati ya noti na noti, kinachobaki ni macho. Baada ya hapo afuate silabasi ya nadharia ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) hadi gredi ya 5. Mwaka wa kwanza wa BFA una nadharia na piano ya lazima, na anayeingia bila kusoma nota huishia kukimbizana na karatasi wakati wenzake wanafanya mazoezi ya jukwaa.

Kuhusu kipande cha kuimba, watu husema "baa 16" au "baa 32" (baa ni kipimo cha mapigo kwenye nota), lakini cha kufuata ni muda. Baa 32 za mapigo manne kwa kasi ya 120 ni sekunde 64. Baa 16 kwa kasi ya 60 ni sekunde 64 zilezile. Mchujo mwingi unataka nyimbo mbili zenye tabia tofauti, za sekunde 60 hadi 90, na mara nyingi mmoja uwe wa zamani, kabla ya 1970 au karibu na hapo, na mwingine wa baadaye. Zote zitoke kwenye tamthilia za muziki. Injili na bongo fleva hapana. Kata kuanzia daraja la wimbo (sehemu inayogeuza wimbo kabla ya mwisho) kwenda mwisho, maana huko ndiko mhusika anabadilika. Acha baa mbili za utangulizi, zisizidi.

Bajeti_Halisi

Samahani kuleta habari chungu, ila bora ije sasa. Gharama ya mwaka kwenye vyuo binafsi vikubwa, ada na malazi pamoja, inazidi dola 80,000. Mkiwa na 6,000, mnahitaji mtu wa kulipa zaidi ya 74,000 kila mwaka, kwa miaka minne. Programu nyingi za BFA hutoa ufadhili wa kipaji unaofunika sehemu tu. Carnegie Mellon haiwapi kabisa wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza msaada wa fedha. Na bila kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza hampati fomu ya I-20 inayotolewa na chuo, na bila I-20 hakuna viza.

Maoni yangu: msing'ang'anie BFA. Princeton, Yale, Harvard na Amherst hufunika mahitaji yote ya fedha ya aliyekubaliwa, hata mgeni, na kuomba msaada hakupunguzi nafasi yake. Princeton ina programu ya tamthilia ya muziki kama somo dogo. NYU Abu Dhabi ina shahada ya tamthilia na ya muziki, na inatoa msaada kwa wageni. Shida ni kwamba huko alama za darasani ndizo mlango, kwa hiyo KCSE iwe A. Kama si A, tazameni Pretoria, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane kimekuwa kikifundisha tamthilia ya muziki kwa ada ya chini sana kuliko hiyo.

Pazia_Jekundu

Bajeti amesema kweli kuhusu fedha, lakini BA, shahada ya kawaida ya vyuo alivyovitaja, si BFA. Kwenye BFA mtu ana sauti, dansi na uigizaji karibu kila siku ya wiki. Kwenye BA hupata sehemu ndogo ya saa hizo, na itambidi ajitafutie maonyesho ya wanafunzi. Aombe kotekote.

Sasa uigizaji. Mtoto wa tamasha za drama ana nidhamu na sauti inayofika nyuma ya ukumbi, ila kamera iko mita mbili. Mikono ya shairi la kukariri, macho yaliyotolewa, sauti ya kutetemesha, vyote vipunguzwe zaidi ya nusu. Na wa kwaya ana tatizo jingine: amefundishwa kujificha ndani ya sauti za wenzake na kuviringisha irabu. Hapa wanataka maneno yasikike kama mazungumzo. Kabla ya kuimba, ayaseme maneno ya wimbo bila melodia, akimwambia mtu mmoja mahususi anayemtaka afanye jambo fulani. Akishindwa kusema anachotaka, wimbo huo haujakaa.

Monolojia (maneno ya mhusika mmoja anayeongea peke yake) itoke kwenye tamthilia iliyochapishwa, mhusika wa rika lake, sekunde 60 hadi 90. Asijitungie. Lafudhi yake ya Mombasa abaki nayo. Ya kuigiza Umarekani hugundulika kwenye sentensi ya pili.

Video: simu ilale kwa upana, kwenye stendi. Nyimbo zipigwe picha kuanzia magotini kwenda juu, dansi mwili mzima na miguu. Kila kipande kirekodiwe mara moja bila kukatwa, bila mwangwi wa kuongeza. Spika ya piano iwe pembeni na chini kuliko sauti yake. Feni izimwe, na mchague saa ambayo muadhini na matatu wamenyamaza.

Mwalimu_wa_Solfa

Ahsanteni sana. Mawili yamebaki: dansi afanyeje kwa mwaka mmoja? Na ngoma na taarabu anazozijua, zina nafasi?

Hatua_Nane

Zina nafasi kwenye kipande huru, yaani cha kujichagulia mwenyewe, ambacho vyuo vingi huruhusu kwa sekunde 60 au chini yake. Hapo taarabu au chakacha ina thamani kuliko kitu chochote cha Kimarekani atakachoiga, kwa sababu hakuna mwingine atakayeileta. Ila isiingie mahali pa nyimbo mbili kuu.

Dansi: mara mbili kwa wiki baleti ya mwanzo na mara moja jazi. Mwaka haumfanyi mwana baleti, na hawatarajii hivyo. Kwenye usaili hufundishwa mfululizo mfupi wa hatua kwa kundi, kisha hucheza wachache wachache. Wanatazama anavyodaka hatua na kama anaendelea akikosea. Mazoezi yenyewe: kila siku adake sekunde 30 za mfululizo mpya kutoka video, ndani ya dakika 15, ajirekodi.

KinandaChaKanisa

Nyongeza kwa usaili wa mtandaoni. Mpiga piano hawezi kuwa upande wa pili, sauti huchelewa. Piano irekodiwe mapema na kupigwa chumbani kwake. Kwenye Zoom washeni kipengele cha sauti halisi (Original Sound), la sivyo programu itaikata piano ikidhani ni kelele. Na wekeni saa sawa: saa kumi jioni ya New York mwezi Januari ni saa sita ya usiku Mombasa, kwa hiyo apashe koo saa tano, na majirani waambiwe.