Naomba ushauri: tuigize Orodha au Kilio Chetu?

Habari zenu wakuu, sisi ni kikundi cha maigizo cha mtaani hapa Tanga, tuko tisa tu na wanaume ni watatu, tunatafuta mchezo wa kuliza watu kabisa. Wenzangu wengi wanataka Kilio Chetu ila mimi moyo wangu uko kwa Orodha ya Steve Reynolds. Yaani pale yule binti Furaha ameshafariki kwa UKIMWI halafu barua yake inasomwa msibani, wale wanaume waliotembea naye roho juu wakidhani majina yao yamo, kumbe ni orodha ya vitu alivyovikosa! Juzi mazoezini dada anayeisoma sauti ilimkata katikati, mama muuza maandazi alikuwa kasimama mlangoni akajifuta macho kwa pindo la kanga, beseni bado kichwani.

Sasa shida ni wanaume wetu kuwa wachache, mmoja acheze nafasi mbili au dada zetu wavae suruali? Halafu watu wengi wamezisoma zote shuleni, watakuja kweli? Na ruhusa ya kuigiza tunaiomba kwa nani? Tunachezea uwanjani, maiki hatuna. Aliyewahi kuuonyesha anisaidie jamani