Naomba msaada: kubadilisha neno moja kwenye mafaili zaidi ya elfu tatu kwa mkupuo

Karani_Mpya
Wakuu, habari za humu. Nina folda yenye mafaili zaidi ya elfu tatu, folda ndani ya folda. Kuna neno moja limo karibu kila faili, linatakiwa litoke liingie jingine. Nikifungua moja moja hata nikikesha sitamaliza. Ipo njia ya kubadilisha yote kwa mara moja? Natumia Windows. Kazi inatakiwa kesho asubuhi na hapa nilipo nina tumbo joto. Nijibuni mapema, tafadhali.

Mzee_wa_Terminali
Kazi ya mstari mmoja hiyo, kijana. Ukiwa na WSL au Git Bash (programu za kuandikia amri za Linux ndani ya Windows), ingia kwenye folda yako, andika:

`grep -rlZ 'zamani' . | xargs -0 sed -i.bak 's/zamani/jipya/g'`

grep inayatafuta mafaili yenye neno, sed inabadilisha, na `.bak` inakuachia faili la awali pembeni. Hizo `-Z` na `-0` ni kwa ajili ya majina ya mafaili yenye nafasi, ukiziacha, faili liitwalo "barua ya pili.txt" litasomwa kama mafaili matatu. Amri hizi zilizaliwa Bell Labs miaka ya 1970, grep kwa mkono wa Ken Thompson na sed kwa mkono wa Lee McMahon, na hadi leo hazijapata mpinzani. Mimi zimenilisha maisha yangu yote ya kazi. Vijana mnakimbilia vitufe, kitu kikikwama mnabaki mmeduwaa.

Dada_Nakala
Kabla ya amri yoyote: nakala rudufu ipo? Mafaili ni ya aina gani? Na neno lenyewe ni lipi?

Karani_Mpya
Nakala ipo dada, folda inajisawazisha mtandaoni. Mafaili ni maandishi ya kawaida. Neno halina umuhimu, nahitaji njia tu.

Dada_Nakala
Kusawazisha si kuhifadhi nakala. Ukiharibu faili hapo kwako, uharibifu unapanda mtandaoni dakika hiyo hiyo. Huduma nyingi hutunza matoleo ya nyuma kwa muda fulani, lakini kurudisha mafaili elfu tatu moja baada ya jingine ni adhabu. Zima usawazishaji, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, uichomoe kabisa. Ndipo urudi hapa.

Kitufe_Tu
Achana na terminali, hilo dirisha la kuandikia amri. Fungua VS Code, kihariri cha maandishi, bonyeza Ctrl+Shift+H, utaona kila mahali litakapobadilika kabla hujakubali. Notepad++ nayo inaweza, Ctrl+Shift+F, ila angalia: mafaili ambayo hukuyafungua inayaandika moja kwa moja kwenye diski, Ctrl+Z haikusaidii.

Weka alama kwenye "neno zima" na kwenye tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Ofisi niliyokuwa zamani kuna mtu alitoa jina Ali akaweka Juma bila alama hizo. Ripoti ya mwaka ikasomeka "serikJuma", na kila "walisema" ikawa "wJumasema". Ilishachapwa.

Mwl_Sarufi
Karani, dada amekuuliza neno na hukujibu. Nami nauliza. Kwa Kiswahili, neno ndilo linaloamua kama kazi hii ni ya dakika tano au ya wiki.

Karani_Mpya
Sawa mwalimu. Ni "kampuni" liwe "shirika". Ofisi imebadilisha usajili, kwa hiyo kila penye kampuni paandikwe shirika. Nimeshalipitisha kwenye folda ya barua za HTML (kurasa za wavuti) na limeenda vizuri. Yaliyobaki mengi ni docx, yaani ya Word.

Mwl_Sarufi
Halikwenda vizuri. Fungua barua yoyote usome kwa sauti. "Kampuni yetu imeamua" sasa ni "shirika yetu imeamua". Kampuni iko ngeli ya I-ZI, shirika ngeli ya LI-YA. Ukimng'oa bwana harusi, msafara wote unabaki umevaa sare isiyo yake: *yetu* ilitakiwa iwe *letu*, *hii* iwe *hili*, *imeamua* iwe *limeamua*, *iliyosajiliwa* iwe *lililosajiliwa*, *tumeisajili* iwe *tumelisajili*. Na penye wingi, "kampuni zetu zimekua", programu itakupa "shirika zetu zimekua", wakati ni "mashirika yetu yamekua". Penye "makampuni yetu" utaponea chupuchupu, kwa sababu "mashirika yetu" linasimama lenyewe.

Wanaozungumza Kiingereza wanaweza kutoa nomino wakaweka nyingine, sentensi ikabaki imesimama. Maelekezo karibu yote ya kutafuta na kubadilisha yameandikwa na watu wa lugha ya namna hiyo, ndiyo maana hakuna anayekuonya.

Karani_Mpya
Mwalimu, nakuheshimu, lakini msomaji ataelewa. Mkubwa wangu amesema neno libadilike, hakusema habari ya ngeli. Na nimeshamwahidi kesho asubuhi.

Kitufe_Tu
Si mngechagua "taasisi" basi? I-ZI ile ile. "Taasisi yetu imeamua", hugusi kitu kingine.

Karani_Mpya
Cheti cha usajili kinasema shirika. Hapo sina mamlaka.

Mzee_wa_Terminali
Kumbe docx! Ungesema mwanzo. Basi mstari wangu usiutumie. Docx ni kifurushi cha zip chenye XML ndani, yaani maandishi yaliyozungukwa na lebo. Sed ikipita juu yake inakuta maandishi yaliyobanwa, haioni neno. Hata ukikifungua kifurushi, Word huweza kulikata neno vipande viwili kati ya lebo, "kam" huku na "puni" kule, pale palipowahi kuhaririwa. Tumia makro ya Word (programu ndogo ya ndani ya Word) inayofungua faili moja moja na kubadilisha. Na ndani ya makro, `Content` (maandishi makuu) peke yake haigusi vichwa vya kurasa wala vijachini, lazima upitie `StoryRanges` zote (sehemu zote za hati), la sivyo jina la zamani litabaki juu ya kila ukurasa.

Wakili_Mstaafu
Mimi si mtu wa kompyuta, ila nina swali. Humo kwenye mafaili elfu tatu, mikataba imo?

Karani_Mpya
Imo. Na mihtasari ya vikao. Lakini ni nakala za kompyuta tu, zilizosainiwa ziko kabatini.

Wakili_Mstaafu
Hapo ndipo swali lenu lilipotakiwa kuanzia. Hati iliyosainiwa inasema kilichokuwa kweli siku ile. Siku ile mlikuwa kampuni. Ukiandika shirika, nakala ya kompyuta na karatasi ya kabatini hazitasema jambo moja, na siku ya mgogoro atatokea mtu kuuliza nani alibadilisha na kwa nini.

Someni kesi ya Dover, Pennsylvania, ya mwaka 2005, kuhusu kilichokuwa kikifundishwa darasa la baiolojia. Mahakamani zililetwa rasimu za kitabu cha shule ambamo neno la Kiingereza la waumini wa uumbaji, "creationists", lilikuwa limebadilishwa kuwa "design proponents", watetezi wa usanifu. Mahali pamoja aliyebadilisha hakulifuta lote, likabaki "cdesign proponentsists". Kosa hilo la uhariri likawa sehemu ya ushahidi kwamba kitabu ni kile kile kimevishwa maneno mapya, na upande uliokitetea ukashindwa. Kijana wangu, uaminifu wa kumbukumbu hauna njia ya mkato.

Shaka_Kwanza
Samahanini, mimi naona huu uzi umetungwa. Angalieni: mwanzo maandishi ya kawaida, mara docx. Mwanzo neno halina umuhimu, mara neno ndiyo kesi nzima. Mwanzo hajaanza, mara ameshamaliza folda moja. Kila akibanwa anatoa kipande kipya kinachomfaa anayefuata kujibu. Na ofisi gani inampa mtu mgeni kumbukumbu zote kwa usiku mmoja? Ama anatafuta uzi urefuke, ama ana sababu ya kufuta neno hilo asiyotaka kuisema.

Dada_Nakala
Mtu akiwa na hofu husema kidogo kidogo, hilo si ajabu. Lakini kuna njia ya kujua bila kugombana. Karani, kwenye nakala, si kwenye folda yenyewe, geuza docx kuwa maandishi kwa LibreOffice (programu ya bure inayofungua mafaili ya Word), folda kwa folda:

`soffice --headless --convert-to txt --outdir maandishi *.docx`

Kisha uhesabu ni maneno gani yanafuata baada ya kampuni:

`grep -rhoiE 'kampuni [a-z]+' maandishi | sort -f | uniq -ci | sort -rn | head`

Bandika jibu hapa.

Karani_Mpya
Sitetei kitu, ndugu Shaka. Nimeogopa kuandika ya ofisi hadharani, ndiyo sababu. Hii ni folda moja:

`412 kampuni ya`
`265 kampuni yetu`
`118 kampuni imeamua`
`97 kampuni hii`
`61 kampuni ili`
`44 kampuni zetu`
`38 kampuni iliyosajiliwa`
`29 kampuni tanzu`
`17 kampuni mama`
`9 kampuni inayotoa`

Shaka_Kwanza
Mtunzi asingefikiria kuweka "kampuni ili". Naondoa neno langu kuhusu kutunga. Swali la kwa nini usiku mmoja linabaki.

Dada_Nakala
Tazama mstari wa kwanza. "Kampuni ya" mara 412, zote ni zenu? "Kampuni ya bima", "kampuni ya usafirishaji", hao ni watu wengine. Ukizigeuza, umebadilisha majina ya wenzako waliosaini nanyi. Na kampuni tanzu itabaki kampuni hata ninyi mkiwa shirika.

Karani_Mpya
Hilo sikuliwaza. Basi mikataba na mihtasari naiweka kando, siigusi. Nitabaki na violezo vya barua, fomu, na kurasa za HTML. Lakini hizo lazima zitoke usiku huu, hapo sirudi nyuma.

Mwl_Sarufi
Hiyo inawezekana. Rudisha kwanza zile barua ulizozigusa kutoka matoleo ya nyuma, kisha badilisha kuanzia kifungu kirefu kwenda kifupi: *makampuni* mwanzo kabisa, halafu *kampuni zetu*, *kampuni iliyo-* iwe *shirika lililo-*, *kampuni inayo-* iwe *shirika linalo-*, *kampuni yetu*, *kampuni hii*. Ile "kampuni ya" ipitie kwa macho. Na 61 za "kampuni ili" zisikutege: hizo ni za namna ya "kampuni ili iweze", ambapo *ili* si kitenzi.

Mzee_wa_Terminali
Kwa HTML, hiyo ya *ili* inakingwa kwa kudai herufi baada yake:

`s/\bkampuni i(me|na|ta|li[a-z])/shirika li\1/g`

Ni `sed -E` ya GNU, na iwe baada ya *iliyo-* na *inayo-*, si kabla. Rudia mstari kwa K kubwa. Ukiweka folda kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) kabla ya kuanza, `git diff --word-diff` itakuonyesha kila neno lililoguswa.

Karani_Mpya
Naanza na nakala ya diski ya nje. Nikikwama kwenye makro ya vichwa vya kurasa nitauliza hapa hapa.