Kesi ya trafiki ya dereva wangu haionekani kwenye orodha ya korti yoyote

MamaOmena_Kibuye

Hamjambo nyote. Mimi nauza omena hapa soko la Kibuye, Kisumu, na nina pikapu inayopeleka mzigo Nakuru kupitia Muhoroni na Londiani. Anayeendesha ni kijana wa marehemu dada yangu. Juzi akirudi na magunia matupu, trafiki walimsimamisha kwenye senta moja karibu na Mau Summit wakamwambia mashine ya kupima kasi imesoma kilomita 67 kwa saa mahali pa 50. Akapelekwa stesheni, akaandikwa, akanipigia. Nikamtumia 10,000 kwa M-Pesa, akalipa, akaachiliwa na risiti. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele: "Mama mdogo, faini tumelipa, mambo yamekwisha."

Mimi sikusoma sana lakini risiti najua kuisoma. Hiyo inasema ni dhamana, na chini kuna tarehe ya kufika kortini, Jumatano ijayo. Jina la korti limeandikwa kwa mwandiko wa kuku. Nimeingia kwenye tovuti ya Idara ya Mahakama, nikatafuta jina lake kwenye orodha za kesi za Kisumu, Kericho na Nakuru. Hayupo. Nimejaribu majina yote matatu, mbele nyuma. Hayupo.

Sasa naomba mnisaidie. Kama kesi haionekani, iko kweli? Na je, naweza kwenda mimi badala yake? Gari ni langu, pesa ni yangu, na yeye Jumatano ana mzigo wa watu.

BodaKondele

Mama, mimi ningenyamaza. Kesi isiyo na jina nani ataikumbuka? Hao trafiki wenyewe wanahamishwa kila mara.

KaraniMstaafu

BodaKondele, watu kama wewe ndio mlionipa kazi ya kuchapa waranti miaka yote ile.

Mama, nilikaa masjala za korti za mahakimu huku magharibi mpaka nikastaafu, na swali lako lilikuwa linakuja dirishani kila wiki. Kutoliona jina si ajabu hata kidogo. Mtu aliyeachiliwa kwa dhamana ya polisi hana namba ya kesi kortini mpaka karatasi ya mashtaka ifike kwa karani, na mara nyingi polisi huileta asubuhi ile ile ya tarehe iliyoandikwa. Karani akishaipokea anaiingiza kwenye mfumo, ndipo inapata namba yake: kesi ya trafiki, herufi E, tarakimu, kisha mwaka. Kabla ya hapo wewe unamtafuta kwenye daftari la shule mtoto ambaye hajazaliwa. Orodha unayoiona mtandaoni ni ya kesi zilizokwisha kusajiliwa, zile zinazotajwa, zinazosikizwa au zinazongoja hukumu.

Jambo la pili, Kisumu usiitafute kabisa. Kesi ya trafiki kwa kawaida hufuata mahali kosa linapodaiwa kutendeka, haifuati makao ya dereva wala mahali gari linapolala. Ile barabara ni ndefu na inapita kaunti kadhaa. Akiwa alishikwa Ahero, ningekuambia Nyando. Akiwa alishikwa upande wa Nakuru pale Mau Summit, ningeanza kuulizia Molo. Akiwa bado upande wa Londiani, hiyo ni kaunti ya Kericho na mambo yanabadilika. Usibahatishe. Pigia stesheni iliyotoa risiti, uwape namba ya OB (lile daftari la matukio la polisi) na namba ya risiti, waulize karatasi inapelekwa korti gani. Ukishaijua, pigia masjala ya korti hiyo, uwe na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho na namba ya gari. Majina yanakosewa sana. Nimewahi kuona Otieno akawa Atieno na mwenyewe amekaa nje kutwa nzima akingoja kuitwa.

Sasa hiyo 10,000. Dhamana ni ahadi kwamba mtu atafika, na kuachiliwa kwa dhamana ni haki aliyopewa na Katiba, kifungu cha 49. Asipofika, hakimu anaweza kutoa waranti ya kumkamata na kuamuru pesa zichukuliwe na serikali, na kosa linabaki palepale. Siku atakayosimamishwa tena, pengine na mzigo wako juu, ndipo mtakapokumbushwa.

Naelewa kilichomchanganya kijana. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zina jedwali la faini. Ukizidisha kasi kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo umetoka nje ya jedwali. Yeye alizidisha kwa 17, kwa hiyo kiasi cha dhamana kimelingana sawasawa na faini ya jedwali. Lakini hakuna hakimu aliyemsomea shtaka, na hakuna aliyemtia hatiani.

Kwenda badala yake haiwezekani. Anayeshtakiwa ni aliyeshika usukani. Unaweza kukaa naye kwenye benchi, na kama ana wakili, wakili anaweza kuzungumza. Wewe kama mwenye gari huwezi kujibu shtaka lake.

DerevaWaSalgaa

Nikubaliane na mzee, kisha niongeze moja kuhusu hizi simu zetu. Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka namba ya kawaida tu, ukisema nina faini ya trafiki na nibofye kiungo nilipe leo hii isije ikaongezeka. Haukuwa na jina la korti, tarehe, wala mahali nilipokosea. Nikaufuta. Mwenzangu tunayelala naye Salgaa alibofya. Mama, akitokea mtu akakupigia kuhusu kesi ya kijana na kusema anaweza "kuimaliza" ukimtumia kitu kwa simu, kata. Kwa ninavyojua, korti haitaki noti mkononi wala kwenye namba ya mtu. Inakupa invoisi, nawe unalipia kwa njia za serikali.

Halafu wale wanaotafuta kesi zao kwenye tovuti ya Kenya Law wanajichosha. Pale utapata rufaa za trafiki zilizoamuliwa Mahakama Kuu, Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko. Zinafaa kusoma ukitaka kujua majaji wanasema nini. Lakini mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu asubuhi akalipa akaenda zake, usitarajie kumkuta huko.

MamaOmena_Kibuye

Asanteni, na wewe mzee Mungu akuzidishie. Nimepiga simu stesheni, kweli ni Molo. Sasa kijana amegeuka, anasema atakana kwa sababu hapakuwa na kibao cha 50. Na akikiri je, ile dhamana inageuka faini yenyewe?

KaraniMstaafu

Haigeuki yenyewe. Akikiri na hakimu akataja faini, aombe hapo hapo, kwa adabu, kwamba dhamana itumike kulipa faini. Mahakimu wengi wanakubali. Faini ikiwa ndogo kuliko dhamana, kinachobaki kinarudi. Asipoomba, atalipa faini kivyake na dhamana ataifuatilia kivyake, na kufuatilia huko kunahitaji risiti ya asili, kitambulisho, nambari za benki na subira. Risiti isipotee. Ikipotea mtaanza habari za polisi na hati ya kiapo kwa karatasi moja tu.

Kuhusu kibao, kukana ni haki yake na mtu asimtishe. Lakini ajue kwamba Sheria ya Trafiki inaweka 50 ndani ya mipaka ya senta, mji na manispaa, kwa hiyo hoja ya kibao peke yake ni nyembamba. Kama ana shaka na mashine, hilo lina uzito zaidi. Akishakana, aombe upande wa mashtaka umpe mapema ushahidi wanaotegemea, ikiwemo picha au karatasi ya ile mashine. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki hiyo. Pia kama Kiswahili au Kiingereza cha korti kinampiga chenga, aseme, atapewa mkalimani bila malipo. Hesabuni tu nauli za kwenda Molo, maana kesi ya kukana haiishi siku moja, na akipatikana na hatia baada ya kusikizwa asitegemee kwamba lile jedwali ndilo litakalomlinda.

Vyovyote itakavyokuwa, asiondoke bila namba ya kesi. Aiandike nyuma ya leseni akitaka! Hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuiona kesi kwenye orodha za mtandaoni, na ndiyo ataitaja akiomba nakala ya mwenendo wa kesi baadaye, ambayo hulipiwa. Asiporidhika na uamuzi, rufaa ni ndani ya siku 14.

Afike kabla ya saa tatu, avue kofia.

BodaKondele

Mzee nimesalimu amri. Kumbe hata mimi nina karatasi moja ya Maseno ya kofia ya abiria. Naulizia kesho.

MamaOmena_Kibuye

Swali la mwisho, mzee. Dhamana ikirudi, inarudi kwa nani? Mimi ndiye niliyetoa pesa.

KaraniMstaafu

Kwa aliyeandikwa kwenye risiti kuwa ndiye aliyelipa.

MamaOmena_Kibuye

Imeandikwa jina lake! Basi mzigo wa Jumatano utangoja. Naenda naye Molo mpaka dirishani, na risiti nitaishika mimi.

DerevaWaSalgaa

Haha. Mama, mkitoka mapema pitieni hapa Salgaa, chai ni juu yangu.